Wakuu, tairi gani zinafaa njia ya juu ya majabali kando ya bahari? Safari ni Jumamosi

Ukingoni (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Jumamosi nina safari ya baiskeli ya milimani, kilomita 34, njia nyembamba inayofuata ukingo wa majabali, bahari iko chini kabisa. Sehemu ya kwanza ni wazi, nyasi fupi na mawe. Halafu unaingia msituni, mizizi mitupu, na kuna mteremko mrefu unaotoka msituni ghafla na kukata kona ya kushoto pale pale ukingoni. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo.

Swali langu ni tairi tu. Nibaki na za upana wa inchi 2.25 au nifunge za 2.4? Na upepo nijaze kiasi gani? Tutakuwa wawili. Baiskeli moja kabreki kake ka mbele kamelegea kidogo, ila hilo sioni kama ni tatizo. Nijibuni mapema, maana hata usingizi sipati.

Tairi Kipara
2.4 bila kufikiria mara mbili. Kama hutumii tyubu na uzito wako ni wa kawaida, anza na psi 24 mbele na 26 nyuma, kisha upunguze au uongeze kidogo kidogo. Ukiwa na tyubu ongeza, la sivyo utagonga jiwe na kutoboa matundu mawili sambamba kama umeng'atwa na nyoka. Mizizi yenye maji usiipite kwa ubavu, ikabili uso kwa uso, na vidole viondoke kwenye breki hadi uivuke. Kushika breki juu ya mzizi uliolowa ni kuomba kulala chini.

Goti Bovu
Mambo ya tairi waachie hao. Mimi nakwambia habari ya upepo. Ndani ya msitu huusikii, umetulia kama uko sebuleni. Ukitoka tu kwenye miti unakupiga ubavuni kama kofi la mtu uliyemkopa. Mimi ulinisukuma hatua mbili pembeni nikiwa bado nashangaa bahari ilivyo nzuri. Bahati yangu upande ule kulikuwa na kichaka cha miiba, sikuona maji. Goti la kulia tangu siku hiyo linajua mvua itanyesha kabla ya mtabiri. Juzi tu limenipigia kelele usiku kucha, mke wangu akadhani...

(naendelea baadaye, simu inazima)

Ustaadh Tuli
Mwanadamu kapewa barabara pana, bado anatafuta njia ya upana wa sahani juu ya genge. Halafu akidondoka tunaambiwa tuombe. Tembeeni bondeni jamani.

Kumbukumbu
Breki zimenikumbusha jambo. Mchezo huu ulikolea miaka ya 1970 huko Marin, California. Vijana walichukua baiskeli nzito za zamani wakawa wanashuka nazo mlimani kwa kushindana na saa. Breki yao ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ile ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Wakifika chini kitovu kinafuka moshi, grisi yote imeungua, inabidi kifunguliwe na kupakiwa grisi upya. Ndiyo maana yale mashindano ya kuanzia 1976 yaliitwa Repack, yaani kupakia upya. Miaka 20 baadaye mchezo ukaingia Olimpiki, Atlanta 1996. Kwa hiyo mleta mada, breki kulegea ni mila na desturi 😂

Binti Mwendo
Nyie mnaandika ya kwenu, hamjamsoma mwenzenu. Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya tairi. Mleta mada, maswali mawili. Hiyo baiskeli yenye breki iliyolegea ni ipi kati ya hizo mbili? Na nani ataipanda?

Ukingoni
@Binti Mwendo ni ya pili. Si yangu.

Binti Mwendo
Sikuuliza si ya nani. Nimeuliza nani ataipanda.

Ukingoni
Sawa. Ni ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Ana miaka 14. Lakini msianze kunihukumu, dogo ni mwepesi kuliko mimi na ana uwezo mzuri. Halafu mimi nitakuwa mbele, nikifika kwenye ile kona namsubiri. Na breki ya nyuma ni nzima kabisa. Ameisubiri safari hii tangu shule ifungwe, kila jioni anaosha cheni. Siwezi kumwambia leo kuwa haipo.

Fundi Spoki
Breki ya mbele ndiyo inayobeba kazi kubwa kwenye mteremko, maana uzito wote unaegemea mbele. Ya nyuma peke yake kwenye tope itafunga gurudumu na kuteleza, haitamsimamisha. "Imelegea" maana yake nini? Ni ya waya au ya oili? Ukibana, mkono wa breki unakuwa laini kama sponji, au unakaribia usukani? Na je, kuna kitu umeshakifanya?

Hilo la mwisho naliuliza kwa sababu nawajua watu.

Ukingoni
Ni ya oili. Ilikuwa laini, ukipampu mara tatu inakaza. Jumapili nikafungua kifuniko cha juu nikaongeza oili ya breki iliyobaki nilipohudumia gari. Ikakaza vizuri tu, ndiyo maana nikasema si tatizo. Oili ya breki ni oili ya breki, au?

Fundi Spoki
Au siyo. Kwenye kifuniko pameandikwa nini?

Ukingoni
Kuna neno mineral. Halafu limefutika kidogo.

Fundi Spoki
Haya, nikueleze kama tuko karakana. Ukibana mkono, oili inasukuma pistoni, pistoni inasukuma pedi kwenye diski. Oili haishindiliki, hewa inashindilika. Kwa hiyo ule usponji ulikuwa hewa, na dawa yake ni kuitoa hewa, si kuongeza oili juu. Hilo la kwanza.

La pili ndilo baya. Oili ya breki za gari ni aina iitwayo DOT. Breki iliyoandikwa mineral ni ya oili ya madini, na mipira yake ya ndani ilitengenezwa kwa ajili hiyo tu. Ikikutana na DOT inavimba. Mwanzoni utaona mambo safi. Siku zikienda mkono unachelewa kurudi, au pedi zinagoma kuachia, au inaanza kuvuja. Ikivuja ikagusa pedi, hapo huna breki, una pambo. Kuimwaga na kuisafisha hakuirudishi mipira iliyovimba. Badilisha mipira, au breki nzima.

Tairi Kipara
Ila hata breki ikipona, kwa 2.25 kwenye mizizi ile bado atateleza. Nasisitiza.

Ukingoni
@Fundi Spoki nashukuru, lakini Jumamosi ni keshokutwa na fundi wa karibu hana hizo sehemu. Nilikuwa nawaza hivi: pale pabaya mimi nipande upande wa bahari, kushoto kwake, dogo awe ndani. Kona yenyewe tushuke tuikokote. Halafu kuna jambo jingine. Mama mkwe aliuliza, nikamwambia baiskeli imeshapita kwa fundi.

Binti Mwendo
Ahaa. Kumbe usingizi umekimbia hapo.

Mtazamaji
Jamani hii ni chai. Soma vizuri. Mwanzo kasema mteremko unakata kona ya kushoto pale ukingoni. Ukikata kushoto kulikwepa genge, bahari iko kulia kwako. Sasa bahari imehamia kushoto! Njia ni nyembamba, halafu anataka wapite wawili sambamba. Na huyu mwezi uliopita alikuwa na uzi wa mashua inayovuja, kabla yake uzi wa jirani mwenye jogoo. Huyu ni mtunzi. Kila wiki ana balaa jipya, na kila balaa lina mtoto au mama mkwe.

Kumbukumbu
😂😂 Mashua naikumbuka! Iliishaje?

Ustaadh Tuli
Kama ni uongo, ni uongo wenye mafundisho.

Goti Bovu
Nimerudi. Kwa hiyo mke wangu akadhani nimeota jinamizi, akawasha taa. Lakini mbona mmehama kwenye mada?

Ukingoni
@Mtazamaji tunakwenda na kurudi njia ile ile. Kilomita 17 kwenda, 17 kurudi. Wakati wa kwenda bahari ni kulia, kurudi ni kushoto. Na mashua ilizama, asante kwa kuuliza.

Binti Mwendo
Yaani ile miteremko ya kurudi atashuka akiwa amechoka, bahari kushoto, na breki ya mbele imejaa oili ya gari. Na wewe upite nje yake juu ya ukingo uliolowa siku tatu? Majabali ya bahari huliwa kwa chini. Unaona nyasi za kijani, kumbe unakanyaga kipande kinachoning'inia. Ukiona ufa unaokwenda sambamba na ukingo, upande wa nje wa ufa huo si ardhi tena.

Fundi Spoki
Iwe chai au maji, mtu mwingine mwenye oili ya gari mkononi atausoma uzi huu. Mleta mada, usibishane na sisi, bishana na breki. Usiku huu bana mkono wa breki ya mbele, ufunge kwenye usukani kwa kipande cha tyubu, hapo ulipogomea, uache hadi asubuhi. Ukiukuta umezama zaidi, oili inatoka mahali. Ukiukuta umesimama bado haijapona, ile mipira haina msamaha. Chini tandika gazeti.

Ukingoni
Asubuhi wakuu. Gazeti nilisahau. Mkono nimeukuta umelala kabisa juu ya usukani, ile tyubu imelegea inaning'inia. Chini ya breki kuna tone limeshikilia, na mengine yamedondokea sakafuni. Pale yalipodondokea rangi ya sakafu imevimba kama malengelenge. Nimemwamsha dogo nikamwonyesha. Hakusema kitu. Akagusa rangi kwa kidole, ikabanduka yote ikabaki kwenye ukucha.

Jumamosi tunakwenda kwa miguu. Amenuna, lakini ameuliza kama tutafika hadi kwenye ile kona. Mama mkwe bado sijampigia.

Mtazamaji
Picha ya sakafu?

Tairi Kipara
Sasa zile 2.4 ulishanunua au bado?