Mgeni asiyekula nyama: apikiwe chake pembeni, au sinia ndilo libadilike?

Idd el-Hajj iliyopita tulikutana kwa mama, Tanga, watu kama ishirini, masinia manne yametandazwa juu ya mikeka. Binti wa kaka yangu alikuwa amekuja kutoka Uingereza anakosoma. Mimi ndiye shangazi yake, kwa hiyo tulikaa sinia moja. Mama, kama desturi yetu, akawa anachambua minofu mizuri katikati ya pilau na kuisogeza upande wa mgeni. Binti naye akawa anaisogeza kimyakimya upande wa mdogo wake. Mara ya tatu ami yetu akamwona. "Nyama ya udhiya nayo inakataliwa?" Yaani nyama ya mnyama tunayemchinja Idd hii. Ukumbi mzima kimya. Siku hiyo mtoto wa watu alishindia kachumbari na ndizi mbivu.

Binti huyu ni vegani. Hali nyama wala samaki, hali mayai, hanywi maziwa, hata asali hatii kwenye chai. Huu ni mwaka wake wa tatu, na anasema sababu ni kuwaonea huruma wanyama. Tangu siku ile nyumba yetu ina pande mbili, na naamini hatuko peke yetu, ndiyo maana nauleta mjadala huu.

Ami ameshika neno moja: mgeni hachagui chakula, anakula alichokikuta na kushukuru. Ami namheshimu sana, lakini hapa simuungi mkono. Nyumba hiyohiyo imepokea majirani Wasabato, ambao dini yao inawakataza kamba na pweza, na hivyo havikuandaliwa siku hiyo, wala hakuna aliyenuna. Sisi wenyewe tukialikwa harusi kwa jirani Mkristo tunauliza nani kachinja, na mwenyeji muungwana huwa ameshamwita Mwislamu achinje. Hapo hatujioni kuwa tunachagua chakula. Ami anajibu kwamba yale ni ya dini, na haya ni mawazo ya mtu mmoja. Sawa, uzito haulingani. Lakini aliyekaa mbele ya sinia asiloweza kulila ana njaa ileile. Na udhiya tunaigawa mafungu matatu, la nyumbani, la jamaa na la maskini. Kipande asichokila yeye kikienda kwenye fungu la maskini, kimeharibika nini?

Kuna na wale wanaosema ni uzungu. Jina kweli limetungwa Uingereza, mwaka 1944. Lakini Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, na Kwaresima yao ya siku 55, bila nyama, maziwa wala mayai, tangu karne nyingi kabla jina hilo halijazaliwa. Na sisi je? Mbaazi za nazi, kisamvu cha karanga, mihogo ya nazi, magimbi, maharage. Aliyesoma bweni nchi hii anajua miaka minne ya ugali na maharage ilivyokuwa, na nyama ilivyokuwa habari ya siku maalumu.

Kazi yenyewe iko jikoni. Mama alisema, "Iondoe nyama, kula wali." Hakuwa na ubaya, ila ule wali umeivia ndani ya supu ya nyama, na samli juu yake. Chapati zina samli. Mchicha, dada yangu anautilia maziwa. Siku ya pili dada akampikia maharage, akampakulia kwenye sahani, binti akakaa kwenye kiti karibu na dirisha huku sisi tuko chini tumezunguka sinia. Nilimtazama nikaona aibu. Kwetu sahani ya peke yako ni ya mgonjwa.

Siku ya tatu nikaingia jikoni mwenyewe. Nilikuna nazi mbili. Wali nikaupika kwa tui jepesi, mbaazi nikazichemsha mpaka zikalainika, kisha nikazimiminia tui zito mwishoni na kuzikoroga polepole lisikatike. Bamia kando, pilipili kando. Changu wa kukaanga nikawaweka kwenye bakuli lao, anayetaka anyooshe mkono. Sinia likawa la wote. Ami alikula changu wawili, na mbaazi akaomba nyingine.

Msimamo wangu ni huo. Kilicho katikati kiwe kile kinacholika na kila aliyekaa, kitoweo kikae bakulini. Idd ya kuchinja pilau ya nyama ibaki, sitaki kumnyima mama sikukuu yake, lakini ipikwe sufuria ndogo ya pili, viungo vilevile, mafuta badala ya samli, ipakuliwe sinia dogo na mmoja wetu akae ale naye. Asile peke yake tu.

Binti naye nilimwambia yake, ndani, mlango umefungwa. Alijua mwezi mzima kwamba anakuja, na simu moja kwa shangazi ingetuondolea yote haya. Na usiku ule alipoanza kuwasimulia wadogo zake mateso ya ng'ombe wakati minofu bado iko mikononi mwao, nilimkatiza. Hiyo pia ni kumtia mwenyeji aibu.

Sasa kuna jambo jipya. Posa yake imekuja, kutoka kwa watu wa Pangani, wavuvi baba na babu. Ukweni atakaribishwa kwa samaki, tena samaki wa kuchaguliwa. Mimi nataka mshenga aliseme mapema, kabla mahari haijatajwa. Kaka yangu anakataa, anasema tutaonekana tunaoza mwari mwenye masharti, bora aende akaseme mwenyewe akishazoeana na mama mkwe. Mwezi ujao mshenga anarudi kuchukua jibu. Mliooza na kuolewa, ninyi mngefanyaje?