Zao la kufunika udongo baada ya mahindi: Nachingwea tupande nini?

Mkulima wa Nachingwea
Ndugu wanajukwaa, habari za shughuli. Nimesoma kwamba wakulima wa mahindi wa Marekani, wakishavuna, hupanda nafaka iitwayo rai au mkunde uitwao vechi, ukakaa shambani majira yote ya baridi, kisha wakauua wiki chache kabla ya kupanda mahindi mengine. Shamba langu ni la kichanga, limelimwa mahindi mfululizo, na sasa viduha, yale magugu yanayonyonya mizizi ya nafaka, vinajitokeza. Nikivuna mwezi wa sita, nipande nini?

Bwana Shamba Mstaafu, Masasi
Ndugu yangu, ukisubiri mpaka uvune umeshachelewa. Baridi ya wenzetu ina mvua na theluji, ilhali kwetu mvua ikikatika mwezi wa tano hairudi hadi Novemba au Desemba, kwa hiyo mbegu utakayofukia Juni itaishia kwa mchwa. Huku zao la kufunika huingizwa mahindi yakiwa yamesimama, na chaguo la kwanza ni mbaazi ya muda mrefu. Mwanzoni hukua polepole, hivyo haigombanii chakula na mahindi. Yakishavunwa hupata jua, mzizi wake mrefu hufuata unyevu uliobaki chini, na majani huendelea kupukutika mpaka Agosti au Septemba unapovuna. Majani hayo ndiyo yanayorudisha sehemu kubwa ya naitrojeni, yaani chakula cha mimea, maana punje unazipeleka sokoni. Inua tandazo hilo la majani Oktoba uone: udongo wa chini yake una rangi nyingine kabisa. Kuhusu viduha, mizizi ya baadhi ya mikunde huchochea mbegu za viduha kuota, zikafa kwa kukosa nafaka ya kunyonya. Hata hivyo ving'olee kabla havijatoa maua, kwani mmea mmoja humwaga maelfu ya mbegu.

Mama Newala
Nakubaliana na Bwana Shamba, ila mbaazi isitegemewe peke yake. India ilipowekea mipaka uagizaji mwaka 2017, bei ilianguka na wengi wetu tulibaki na magunia ndani. Sehemu ya shamba weka marejea, mkunde wa kurutubisha udongo, uikate inapoanza kutoa maua, kabla shina halijawa gumu, na kuilaza hapo hapo. Mukuna, mkunde unaotambaa, nayo hufunika vizuri, lakini ukiiwahisha itapanda juu ya mahindi na kuyaangusha, na mbegu zake zisipikwe kama maharage, kwa sababu zina kemikali inayodhuru mwili.

Mkulima wa Nachingwea
Nashukuru sana. Na mbuzi wanaoachiwa baada ya mavuno?

Mwana Ruangwa
Hapo ndipo penye kazi, kaka. Mbuzi na moto wa wawinda panya humaliza tandazo lote kabla ya Oktoba. Zungumza mapema na jirani zako pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, palilia njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba, na uanze na kipande kidogo kilicho karibu na nyumba, ambacho mtu anaweza kukichunga.