Mrejesho: sauti inayokwaruza jioni

Niliuliza kuhusu sauti kukwaruza baada ya kutwa ya kuwapa watoto tiba ya matamshi hapa Mombasa, feni juu, honi za matatu nje. Ahsanteni sana, zoezi la mrija mlilonishauri limesaidia mno! Glasi nusu ya maji, mrija uzame sentimita 2 hivi, kisha vuma "uuu" ndani yake dakika 2 kabla ya kila mtoto. Mapovu yatoke mfululizo. Yakikatika, legeza mabega, vuta pumzi, anza upya. Ukizamisha sana utasukuma kwa nguvu, koo likaze.

Kunong'ona si kupumzisha sauti. Koo likiwasha, meza funda la maji badala ya kujikohoza. Feni nimeihamishia mbali na meza, maana kelele yake hunifanya nipandishe sauti bila kujijua. Ukwaruzo ukizidi wiki 4, muone daktari wa koo.