Naombeni ushauri: kwenye komedi yetu kazi yangu ni kupita tu

Binti wa Temeke: Wakuu, heshima zenu. Naigiza komedi ya TV, kituo sikitaji. Kila wiki napita na ndoo mbele ya wanaume wanaocheza bao. Kamera inaanzia visiginoni, inapanda polepole, inaganda kiunoni. Kete zinawadondoka, kicheko kinapachikwa. Sura yangu haionekani. Juzi nilimwamkia mzee "shikamoo", wakaikata. Inaniuma, maana kuchekesha naweza. Nifanyeje nipewe maneno?

Mzee wa Baraza: Mavazi kwanza, binti yangu. Mama Kayai kwenye Vitimbi, komedi ya KBC ya Kenya, alikuwa akimchachafya Ojwang' kwa mdomo tu, na nchi nzima inacheka.

Mama Ntilie: Shikamoo mzee. Nguo hachagui yeye. Wateja wangu wakishatazama michezo hiyo, nikiwapakulia ugali macho yao ndiyo kamera. Kuna mmoja nilimmwagia mchuzi.

Kiazi Mbatata: Weka picha tujue tunashauri nini 😂

Nahodha: Kiazi, hicho ndicho anachokilalamikia. Uingereza, komedi ya The Benny Hill Show ilijaa wasichana nusu uchi, wengi wakilalamika. Kituo chake, Thames Television, kikaifuta 1989. Dada, anayeandika ni nani? Mkabili.

Binti wa Temeke: Siwezi kumtaja.

Mama Ntilie: Huwezi au hutaki?

Binti wa Temeke: Ni mume wangu. Msimwelewe vibaya, nyumbani ananiheshimu. Anasema wenye matangazo ndio wanaotaka hivyo. Na msimu ujao nimeshasaini, kaniahidi mistari.

Kiazi Mbatata: Chai hii! Mwezi jana ulifungua uzi unatafuta mchumba.

Binti wa Temeke: Ule niliandika kwa niaba ya mdogo wangu.

Kiazi Mbatata: Wadogo zenu humu wana shida nyingi 😂

Nahodha: Iwe chai isiwe chai, kamera hiyo haijatungwa. Washa TV usiku wa leo uione. Dada, ahadi ya mdomo haikusaidii, mistari iingie kwenye mkataba. Na usingoje akuandikie.

Binti wa Temeke: Nimeshaandika. Kete zikidondoka, natua ndoo, nakaa, nawala kete zote mpaka mzee anaomba poo.

Mama Ntilie: Hapo lazima wakuonyeshe sura. Mpelekee leo, kabla hajaandika ndoo nyingine.