Mbwa wa pili: barua ya kodi, na mbwa ajuza wa miaka 11 aliyemo ndani

Kutoka: Mama Neema
Jumatatu

Wapendwa, poleni na baridi. Steuerbescheid (barua ya mji ya kudai kodi ya mbwa, hapa Ujerumani) iko mezani na muda wa Widerspruch (pingamizi) umebaki siku 12. Mtoto wa mbwa anakuja Jumamosi, atakuwa na wiki 9. Alishaandikishwa siku mkataba uliposainiwa, na mji umemhesabu mbwa wa pili kuanzia tarehe hiyohiyo, kwa kiwango cha juu. Kodi inaanza siku ya mkataba, siku anayoingia nyumbani, au akifikisha miezi mitatu? La pili: ndani kuna mbwa jike wa miaka 11, nyonga zinamuuma, hajawahi kuishi na mbwa mwenzake. Tuanzie wapi?

Kutoka: Baba Imani
Jumatatu

Dada, kodi ya mbwa Ujerumani haina kiwango kimoja cha nchi nzima, kila mji na wake. Berlin mbwa wa kwanza ni euro 120 kwa mwaka, kila anayeongezeka 180. Munich ni 100 kila mmoja na Hamburg 90, wa pili haongezewi. Miji mingi haimtozi mtoto mpaka afikishe miezi mitatu. Tafuta Hundesteuersatzung (sheria ndogo ya kodi ya mbwa) ya mji wako kwenye tovuti yao, nenda kwenye kifungu cha Beginn der Steuerpflicht (kodi inaanza lini). Kama kinasema miezi mitatu, hiyo tarehe yao ya mkataba haina msingi.

Na kama unawaza kumwandikisha kwa jina la shemeji wa humo ndani, hakusaidii. Mbwa wanahesabiwa kwa kaya.

Halafu kuna Vermieter (mwenye nyumba). BGH (mahakama kuu ya shirikisho) mwaka 2013 ilisema kifungu cha mkataba wa kupanga kinachokataza mbwa wote moja kwa moja ni batili, lakini maana yake ni kwamba kila kesi inapimwa peke yake. Ruhusa ya mbwa wa kwanza haimfuniki wa pili. Omba upya, kwa maandishi, kabla ya Jumamosi. Bima ya Haftpflicht (ya kulipia madhara anayoleta mbwa) nayo iambiwe. Berlin, Hamburg na Niedersachsen ni lazima, ila Niedersachsen ni kwa mbwa aliyezidi miezi sita.

Kutoka: Juma wa Hamburg
Jumatatu usiku

Baba Imani, umeacha jambo la maana kuliko yote. Widerspruch ya kodi haisimamishi malipo. Mama Neema akiandika tu na kuacha kulipa, atapata Mahnung (barua ya kumkumbusha deni) na faini juu yake. Lipa kwa tarehe iliyoandikwa, kisha pinga. Ukishinda wanarudisha.

Na si kila mahali inaitwa Widerspruch. Kuna miji ni Einspruch (pingamizi la jina jingine), kwingine ni moja kwa moja mahakamani. Ukurasa wa mwisho wa barua una Rechtsbehelfsbelehrung (maelezo ya namna ya kupinga): inataja njia, ofisi na muda. Kwa Widerspruch, barua pepe ya kawaida haihesabiki. Karatasi yenye sahihi, ipelekwe kwa Einschreiben (barua ya rejista), au iwekwe kwenye sanduku lao mbele ya shahidi. Bahasha iliyoleta barua ya kodi usiitupe.

Mama Neema, ni mji gani?

Kutoka: Rehema (kliniki ya wanyama, Leipzig)
Jumanne

Mnajaza kurasa za kodi na ajuza wa watu anavamiwa nyumbani kwake Jumamosi. Kodi mkikosea italipwa. Siku tatu za kwanza zikiharibika ndani, kuzirekebisha ni miezi.

Wiki hii, kabla mtoto hajafika, mkubwa aende kwa daktari. Mbwa mwenye nyonga mbovu hana ugomvi na mtoto, ana ugomvi na maumivu: mtoto anamparamia mgongoni, yeye anageuka na meno. Kama daktari anampa dawa ya maumivu, ianze sasa ili Jumamosi iwe imeshashika. Msiguse dawa za watu za kabatini. Ibuprofen inatoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Mwulizeni pia kuhusu macho na masikio. Asiyesikia hushtuka mtoto anapomtokea usingizini.

Kwa mfugaji, ombeni kinyesi cha mtoto kilichokusanywa siku tatu kipimwe minyoo na giardia (kijidudu cha kuharisha). Giardia ikiingia nyumba yenye mbwa wawili, wanaambukizana kwa zamu na mnaosha mablanketi kwa nyuzi 60 wiki nzima. Ombeni pia taulo alilolalia, lipelekwe kwa mkubwa siku mbili kabla, liwekwe sakafuni mbali na kitanda chake. Alinuse akitaka, aliache akitaka.

Jumamosi yenyewe wakutane nje. Wengi hukosea hapa kwa kwenda bustani ya mbwa. Mtoto wa wiki 9 ana chanjo moja tu. Zinazofuata ni wiki ya 12 na ya 16, na kirusi cha parvo (ugonjwa wa matumbo unaoua watoto wa mbwa) hukaa udongoni miezi mingi. Tafuteni ua wa jirani au njia ambayo mbwa hawapiti sana. Watu wawili, kila mmoja na mbwa wake, kamba zimelegea. Kamba ikikazwa, mkubwa anasoma kwamba kuna hatari. Tembeeni sambamba, mita nne au tano kati yenu, mkaribiane kidogokidogo. Wakikutana wanusane kwa kuhesabu mpaka tatu, kisha kila mtu amwite wake. Rudieni mara tano, sita. Halafu mkubwa aingie nyumbani kwanza, mtoto afuate dakika chache baadaye.

Kabla hawajaingia, ondoeni mifupa, mabakuli, midoli na kitanda cha mkubwa sebuleni. Kitanda kihamie mahali ambapo mtoto hafiki kabisa. Nunueni kigeti cha mlangoni cha watoto wachanga, chenye nafasi ndogo kati ya fito, maana wa wiki 9 hupitisha kichwa kikanasa.

Kutoka: Mzee Salum
Jumatano

Asante binti yangu Rehema. Naongeza moja: mkubwa ndiye bosi. Ale kwanza, apite mlangoni kwanza, na mtoto akimsogelea alazwe chali ajue nafasi yake. Kule kwetu Afrika hakuna aliyesoma haya. Mbwa wanakaa uani, wanakula ukoko na vichwa vya dagaa, na mtoto anafundishwa na wakubwa wa uani, binadamu haingilii.

Kutoka: Rehema
Jumatano

Shikamoo Mzee Salum. Kwa heshima zote, hilo la kumlaza chali naomba asilifanye mtu yeyote. Wazo la bosi lilitokana na mbwa mwitu wasiojuana waliofungiwa pamoja. Porini kundi ni baba, mama na watoto wao. Mtoto akilazwa kwa nguvu anajifunza kuogopa mikono, na mkubwa anajifunza kwamba mtoto akisogea kunatokea vurugu.

La uani ni kweli, na sababu yake ni nafasi. Uani mtoto akikaripiwa anakimbia mita ishirini, au mkubwa anaondoka akalale chini ya mwembe. Ghorofa ya vyumba viwili haina pa kukimbilia. Ndiyo maana ya kigeti.

Mkubwa akinguruma, msimkaripie. Huko ndiko kusema kwake. Mbwa aliyenyamazishwa huacha kunguruma na kuanzia kwenye meno. Kunguruma kidogo, kuinua mdomo, kupiga meno hewani na mtoto akarudi nyuma: waacheni. Ingilieni akikakamaa mwili mzima na kunyamaza, akimbana mtoto chini asimwachie, au mtoto akiendelea kumrukia baada ya kuonywa mara mbili. Hapo anayeondolewa ni mtoto, si mkubwa. Pitisheni kitu bapa katikati, mto au ubao, msitumbukize mkono.

Wiki mbili za kwanza wasiachwe pamoja bila mtu, hata mnapooga. Wakae pamoja dakika tano mpaka kumi, mara nyingi kwa siku, kisha mtoto alale. Mtoto huyu anatakiwa kulala saa 18 mpaka 20. Akikosa usingizi anauma kila kitu, na wa kwanza kuumwa ni mkubwa.

Chakula: mtoto mara nne kwa siku, mkubwa mara mbili, vyumba tofauti, milango imefungwa, mabakuli yanaondolewa papo hapo. Matembezi ya mkubwa yabaki yake peke yake, saa zilezile za zamani. Na msidanganywe na utulivu wa mwezi wa kwanza. Akifika miezi minne, mitano, uvumilivu ambao wakubwa humpa mtoto mdogo hupungua, na mengi huanza hapo.

Kutoka: Bi Zuhura, Bonn
Jumatano usiku

Kigeti hicho kina kazi nyingine. Sisi wa pwani tukipata wageni, mate ya mbwa ni najisi kwa madhehebu yetu ya Shafii. Tengeni chumba kimoja ambacho mbwa haingii tangu siku ya kwanza, na mswala ukae humo. Kumfundisha mtoto kutokuingia ni rahisi. Kumtoa aliyezoea ni kazi.

Nauliza pia: mtu akitaka kuleta mtoto wa mbwa kutoka Arusha?

Kutoka: Baba Imani
Alhamisi

Bi Zuhura, hatafika akiwa mtoto. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya EU (Umoja wa Ulaya) ya nchi zinazoaminika kwa kudhibiti kichaa cha mbwa. Chipu kwanza, chanjo ya kichaa cha mbwa si kabla ya wiki 12, siku 30 zipite, damu ipimwe kwenye maabara iliyoidhinishwa na EU na kinga iliyomo ifikie 0.5 IU/ml, kisha miezi mitatu tangu damu ilipotolewa. Hapo ana karibu miezi saba. Anayekwenda likizo nyumbani na mbwa wa huku, damu ipimwe na iandikwe kwenye EU-Pass (pasipoti ya mbwa) kabla ya kuondoka, asisubiri miezi mitatu kurudi.

Inauma kwamba serikali zetu zinaacha chanjo ya mbwa iwe jambo la kampeni ya siku moja. Kichaa cha mbwa kingekwisha, orodha nayo ingebadilika.

Kutoka: Juma wa Hamburg
Alhamisi usiku

Siasa tuianzishie uzi wake. Siku zimebaki tisa, na posta inakula mbili. Mama Neema, ni mji gani? Bila jina la mji hakuna anayeweza kukufungulia Satzung yake.