Nimebadili baiti tano kwenye faili la .o la draiva, sasa moduli inakataa kupakiwa. Naombeni ushauri

FundiPampu

Habari za jioni wakuu.

Nina kompyuta ya mezani inayorekodi mtetemo wa pampu za visima tunazozihudumia huku Morogoro. Ndani yake kulikuwa na kadi ya PCI ya kusoma vihisi, ikaungua radi ilipopiga. Nimepata nyingine iliyotumika, aina ileile, ila hii ni toleo la 3. Draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, inakubali toleo la 1 na la 2 tu, ikiona 3 inagoma. Watengenezaji waliacha kuihudumia zamani na barua pepe zangu hazijibiwi.

Draiva ina vipande viwili. Kimoja ni faili la C linaloongea na kerneli (kiini) ya Linux, hilo tumepewa wazi. Kingine ni faili la objekti lililokwisha kukompailiwa, jina lake linaishia na .o_shipped, na msimbo wake hatuna. Nimelifungua kwa objdump -d, chombo kinachoonyesha maelekezo ya prosesa yaliyomo, nikapata mahali linapokagua toleo:

e8 00 00 00 00   call
85 c0   test eax,eax
75 2e   jne

Nikaona dawa ni kuufuta huo mwito. Baiti zote tano nikazigeuza kuwa 90, yaani nop (elekezo lisilofanya kitu), nikaendesha make, ikapita bila neno. Ila nikifanya insmod, yaani kuipakia draiva kama moduli ya kerneli, naambiwa umbo la moduli si sahihi. Kwenye dmesg (ujumbe wa kerneli) kuna mstari unaosema mahali pa rilokesheni si halali, thamani iliyopo si sifuri, aina ya 4.

Nimekwama siku ya tatu leo. Kumbukumbu za pampu hazirekodiwi, na bila hizo tunajua beringi imekufa maji yakishakatika. Nimekosea wapi?

Binti_Kerneli

Pole kaka. Kosa lako liko kwenye zile sifuri nne baada ya e8. Si anwani. Ni nafasi tupu iliyoachwa na kompaila, kwa sababu wakati wa kukompaili haijulikani kazi inayoitwa itakaa wapi kwenye kumbukumbu. Pembeni, kwenye sehemu inayoitwa .rela.text, kuna agizo, ndiyo rilokesheni yenyewe, linalosema: ukifika hapa, jaza umbali wa kwenda kwenye simboli fulani, yaani jina la kazi. Aina ya 4 ni R_X86_64_PLT32, ndiyo ya miito ya namna hiyo.

Wewe umebadili baiti, agizo umeliacha. Moduli inapopakiwa, kerneli inafika pale ikitarajia sifuri, inakuta 90909090, inakataa. Na shukuru imekataa. Ingejaza umbali juu ya nop zako, prosesa ingesoma baiti hizo kama maelekezo yasiyojulikana, ndani ya kerneli, na mashine ingeanguka.

Siku nyingine tumia objdump -dr. Hiyo r inakuonyesha rilokesheni chini ya kila elekezo, hivyo unajua baiti zipi zina mwenyewe.

Ndani ya kerneli kuna chombo kinaitwa objtool, nacho hugeuza baadhi ya miito kuwa nop kwenye mafaili ya .o wakati wa kujenga. Lakini kila kinapofanya hivyo, agizo la rilokesheni nalo hukibadilisha kuwa aina tupu. Vitu viwili kwa pamoja.

Kifaru64

Nakubaliana na dada hapo juu. Naongeza kwamba hata kama ingekubali kupakiwa, ungebaki na tatizo. Ukifuta mwito, eax (mahali jibu la mwito huwekwa ndani ya prosesa) inabaki na chochote kilichokuwemo, halafu test inakihukumu hicho. Leo inapita, kesho inagoma.

Mwito uache. Gusa uamuzi unaofuata: 75 2e, ile jne (ruka kama jibu si sifuri), iandike 90 90. Hizo hazina rilokesheni, na hakuna baiti inayoongezeka wala kupungua. Urefu ndio wa kulinda kuliko vyote, maana ukisogeza baiti moja tu, kila mruko uliopita juu yake unakwenda kusiko.

Mdau_Tanga

Mkuu Kifaru, hiyo inaondoa ukaguzi wote. Kesho akichomeka kadi nyingine kabisa draiva itaipokea. Mimi ningeingia ndani ya kazi yenyewe ya kukagua. Lazima kuna mahali inalinganisha na 2. FundiPampu, hebu tuwekee.

FundiPampu

Asanteni sana, nimeelewa kuhusu zile sifuri. Ndani nimekuta:

3c 02   cmp al,2
77 11   ja

Nimerudisha faili la awali, nikabadili 02 kuwa 03 tu. Moduli imepakiwa! Ila takwimu si sahihi. Nikipima polepole mawimbi yanatoka safi, nikiongeza kasi kuna sampuli zinapotea katikati. Kadi ya zamani haikuwa hivyo.

Mzee_wa_Soda

Kijana, tulia kwanza. Umeilazimisha draiva impokee mgeni, lakini hujaiambia imtendee kama nani. Tafuta kama namba ya toleo inatumika tena mbele. Mara nyingi toleo jipya huwa na bafa (hifadhi ya muda ya data) kubwa, na draiva huchagua ukubwa kwa kuangalia toleo.

Swali lingine, na hili naliuliza kwa uzito: una hakika gani kwamba rejista za toleo la 3, yaani nafasi ambazo draiva huandikia kadi amri, ni zilezile? Kadi inayoandika yenyewe kwenye kumbukumbu kuu, ikipewa anwani kwenye rejista isiyo yake, inaweza kuharibu data za diski bila kukuonya. Linganisha kwa lspci -vv, amri inayoorodhesha kadi za PCI kwa kina, na jaribu kwenye kompyuta isiyo na kitu cha maana.

FundiPampu

Mzee shikamoo. Umelenga palepale. Mbele kuna 3c 02 nyingine inayofuatwa na elekezo la je (ruka kama ni sawa). Ikiwa ni 2 inachukua njia ya bafa kubwa, vinginevyo inaangukia njia ya toleo la 1. Kwa hiyo kadi yangu imehesabiwa kama la 1.

Kuhusu rejista, lspci -vv inaonyesha maeneo ya kumbukumbu yanayolingana na niliyokuwa nimenakili kwenye kadi iliyoungua, na chipu kuu ina namba ileile. Majaribio nafanya kwenye mashine ya karakana, diski yake haina kitu.

Nibadili na hiyo ya pili?

Binti_Kerneli

Subiri, usiendelee kuchimba baiti. Endesha nm -u kwenye lile faili. Itakupa simboli zote linazozitegemea kutoka nje. Namba ya toleo iko kwenye nafasi ya 08 ya usanidi wa PCI, na faili lako lazima liiombe kwa mtu. Nahisi linaiomba kwa lile faili la C ulilonalo wazi.

FundiPampu

Ni kweli! Kuna simboli ya kusoma baiti ya usanidi, na kazi yake imeandikwa kwenye faili la C, mistari minne tu, inaita pci_read_config_byte.

Binti_Kerneli

Basi mlango ni huo. Rilokesheni iliyokuzuia mwanzo ndiyo inayomleta huyo .o kwenye msimbo wako kila anapotaka kujua toleo. Rudisha .o ya awali bila kuigusa. Kwenye C weka sharti: ikiwa kifaa ni kile chenye namba yako, nafasi inayosomwa ni 08 na jibu ni 3, rudisha 2. Mengine yote yapite kama yalivyo. Sehemu zote mbili zitasikia jibu moja, na toleo la 4 bado litakataliwa.

Kifaru64

Hii imenizidi, naifuta ile yangu ya 90 90. FundiPampu, kama Secure Boot (ulinzi unaokataa moduli zisizo na sahihi) imewashwa, utie sahihi moduli mpya kwa sign-file, kwa ufunguo uliousajili na mokutil. Na usije ukabadili .ko (faili la moduli iliyokamilika) ikishatiwa sahihi, maana sahihi imebandikwa mwishoni mwa faili na haitalingana tena.

FundiPampu

Mrejesho wakuu. Nimeongeza mistari mitatu ya C, .o haijaguswa. Tangu jana saa mbili usiku mashine ya karakana inarekodi kwa kasi kamili na sampuli hazipotei. Naiacha wiki nzima kabla ya kuipeleka kisimani. Mzee, lspci za kadi zote mbili naziweka hapa kesho nikifika karakana, uziangalie na wewe.