Maneno magumu ya Kiingereza hayakai kichwani, nifanyeje?

Mdadisi:
Wakuu, Kiingereza cha kawaida hakinisumbui. Shida ni maneno ya ngazi ya juu. Nakariri 30 kwa siku pamoja na maana zake, wiki ikiisha yameyeyuka. Hata yale machache yanayobaki, nikiyaandika naambiwa "hatusemi hivyo". Kosa liko wapi?

Kadi Tupu:
Mkuu, 30 ni mengi mno, shuka hadi 6 au 7. Mwanasaikolojia Mjerumani Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi hupungua. Basi rudia kesho yake, halafu siku ya 3, ya 7, ya 16 na ya 35. Kila neno litengenezee kadi: mbele weka sentensi yenye pengo, nyuma neno lenyewe. Jaza kwa kalamu kabla ya kugeuza, kwa sababu jicho likishaliona neno hujidanganya kuwa linalijua. Ukikosa, kadi hiyo inaanza upya.

Mwanakamusi:
Kadi ni sawa, ila hiyo "hatusemi hivyo" chanzo chake ni kingine. Kamusi itakupa "punguza" kwa *mitigate*, *alleviate* na *curtail*, nawe utadhani yanabadilishana nafasi. Hayabadilishani! *Mitigate* ni kupunguza makali ya jambo baya: *risk, damage, effects*. *Alleviate* huenda na kinachotesa: *pain, suffering, poverty*. *Curtail* ni kubana au kukatiza: *spending, freedom*. Ukiandika *mitigate the price*, sarufi haina kosa lakini sentensi ni mbovu. Na tafadhali, *mitigate against* si sanifu. *Against* ni ya *militate*, yaani kuwa kikwazo. Kila neno liandike pamoja na majirani wake watatu, yaani maneno linaloandamana nayo.

Mzizi:
Ongeza mizizi. *Cred-* ni kuamini: *credible* ni wa kuaminika, *credulous* ni mwepesi wa kuamini, *incredulous* ni asiyesadiki anachoambiwa. Ukimwita shahidi *credulous*, umesema anadanganyika kirahisi. Lakini usikisie kwa mzizi peke yake: kwa hiyo *in-* ya mwanzo ungedhani kitu *inflammable* hakishiki moto, kumbe hushika, na mtu *infamous* si asiyejulikana, bali anajulikana sana, kwa ubaya.

Mdadisi:
Nimewapata. Nianze na yapi?

Mwanakamusi:
Academic Word List ya Averil Coxhead, ya mwaka 2000. Ina familia 570 za maneno ya kitaaluma (familia ni neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo) katika mafungu 10, na fungu la kwanza ndilo linalotumika zaidi. Maneno adimu kama *lugubrious* (-enye huzuni nzito) yaache mpaka uyakute ukisoma.